Waliovuka Mpaka

Juzi nilipita mbele ya fundi wa viatu anayekaa njia panda, hapa chini ya kilima cha Nyanchwa ninakoishi, nikajikuta nimesimama. Alikuwa amefungua kopo jipya la rangi nyeusi. Harufu ile ilinipanda kichwani hata nikashika ukuta. Nilimwona Baba Mdogo Momanyi, kama nilipokuwa mtoto, ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya bibi, buti moja amelivaa mkono wa kushoto kama glavu, analitemea mate, analisugua, analitemea tena, huku akiniita nije nijitazame humo. Fundi akaniuliza, "Madam, tushone ama tupake?" Nikamwambia sina kitu cha kushona. Nikaondoka, lakini siku nzima sikufanya kazi ya maana.

Kwetu ni mteremko wa majani chai na ndizi, si mbali na Nyaramba. Nyumba ya bibi, ambaye sote tulimwita Magokoro, ilitazama bonde. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mlima mwingine, mikaratusi mingine, na watu wa lugha nyingine. Watu wazima walipaita huko mpakani. Waliyasimulia mambo ya zamani ya huko kwa sauti ndogo, mishale na ng'ombe walioibwa, na sisi watoto tulikatazwa kushuka kupita kijito. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba duniani kuna mpaka mmoja tu, nao unaonekana kutoka mlango wa jikoni kwetu.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, akija nyumbani mara mojamoja. Tuliobaki ni mama, Magokoro na mimi. Baba Mdogo alikuwa kitinda mimba wa Magokoro, na alikuwa mwanajeshi. Akija likizo alilala sana, akala sana, akapiga mabuti rangi hata yasipohitaji. Safari ile ya mwisho kabla ya vita aliondoka kama siku nyingine zote, akicheka, na mimi sikuacha hata kumenya ndizi ili nimtazame akienda.

Siku redio ilipotoa habari ile, tulikuwa jikoni mchana. Magokoro hakupenda Kiswahili cha redio, alisema kinakimbia, lakini neno lenyewe alilisikia vizuri kama nilivyolisikia mimi: majeshi yetu yamevuka mpaka. Kisu chake kikasimama katikati ya ndizi. Mama alisema, "Yesu." Mimi nilitoka mbio nje kutazama.

Niliangalia bonde lote. Ng'ambo kulikuwa na mwanamke anaanika nguo. Kulikuwa na ng'ombe wawili na moshi wa jiko la mtu. Hakukuwa na mwanajeshi hata mmoja. Nilirudi ndani nikasema, "Magokoro, mbona siwaoni?" Akaendelea kumenya ndizi. Mama naye alidhani nauliza swali la kitoto tu, akanituma kuni.

Aliyenijibu alikuwa Nyaboke, tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja shuleni. "Wewe hujui nguo za jeshi zina rangi ya majani?" aliniambia. "Wanavaa hivyo ili usiwaone. Wakitulia, unaweza kumkanyaga mtu."

Maneno yale yalinitosha. Kuanzia siku ile bonde likawa limejaa watu. Nilipotumwa maji kijitoni nilitembea katikati ya njia, mikono nimeibana kifuani, nisije nikamgusa mtu. Jani la mgomba likitikisika bila upepo nilijua ni nani. Ndege wakinyamaza ghafla, nilijua wamewaona. Kila asubuhi nilisimama ukingoni nikayasalimia majani, "Bwakire, Baba Mdogo," umeamkaje, na nikangoja. Hakuna aliyeitikia, na hilo halikunishangaza, kwa sababu Nyaboke alisema wanakatazwa kusema. Mara moja niliweka ndizi mbivu juu ya jiwe la kufulia. Kesho yake ilikuwa imeliwa. Ganda lilikuwa limelazwa juu ya jiwe, limechunwa vizuri, pande zake zimepangwa kama petali za ua. Mpaka leo sijui ni nani aliyekula ndizi ile, na sijawahi kuona mnyama anayemenya hivyo.

Wakati huo wote watu walikuwa wamefurahi. Hili nalisema kwa sababu siku hizi ukiuliza kwetu, utaambiwa hakuna aliyevitaka vita vile. Sivyo. Nilikuwepo. Kwenye kituo cha kupimia majani chai wanaume waligonganisha mikono wakisema wakati umefika, wale wanaoteka watu kule pwani wametuchezea vya kutosha, wafuatwe hukohuko kwao. Shuleni mwalimu alitufundisha wimbo wa kuwasifu askari wetu, tukauimba tukipiga miguu chini. Kanisani kwetu, Sabato ile, mzee wa kanisa aliomba Mungu awape ushindi, na kutaniko likasema amina mpaka mabati yakavuma. Neno Somalia lilisemwa, lakini kwangu lilikuwa jina la watu wa ng'ambo ya bonde ambalo nilikuwa sijaambiwa mapema.

Kisha chifu akaita baraza kwenye uwanja wa soko letu dogo. D.O. mwenyewe, mkubwa wa chifu, alikuja kutueleza uamuzi wa serikali. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo na leso ya kujifutia jasho. Alisema vita vyenyewe ni vifupi, vitakwisha kabla ya Krismasi. Watu wakapiga makofi. Akauliza kama kuna swali, kwa namna ya mtu ambaye tayari anakusanya karatasi zake.

Magokoro akasimama. Sikuwahi kumwona akisema mbele za watu.

"Mimi ni mama yake Momanyi," alisema. "Mnanijua. Mlipotaka kura mlikuja mpaka mlangoni kwangu, mkanywa chai yangu. Mlipotaka kupitisha barabara kwenye shamba langu mlikuja, mkaniomba. Sasa mmemchukua mtoto. Mbona safari hii hakuna aliyekuja?"

Watu walicheka kidogo. D.O. naye alitabasamu. "Mama, kijana wako alikula kiapo."

"Kiapo alikula yeye. Mimi sikuonja."

Hapo kicheko kikawa kikubwa, lakini kilikatika upesi, kwa sababu yeye hakuwa amecheka. Chifu akamwambia kwa heshima, "Mama, keti sasa. Umesikika."

"Sijasikika," Magokoro alisema. "Basi nitanyamaza. Mimi nitasema tena siku watakaporudi." Akaketi, akavuta leso yake mabegani.

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Haikuwa. Magokoro aliacha kusema, hata nyumbani. Alipotaka chumvi alinyoosha mkono. Alipotaka niamke alinigusa mguu kwa kidole kimoja cha baridi, nami nikafumbua macho nikiona uso wake karibu na wangu, midomo imefungwa. Usingemsikia hata akitembea. Mama alimsihi, "Mama, kama umewakasirikia wakubwa, basi sema na mtoto tu," naye akatikisa kichwa. Mimi nilidhani kitu kimeingia ndani yake. Nilikuwa nikimkagua shingoni akiwa amelala mchana, kuona kama kuna alama mahali sauti ilipotolewa.

Siku ya soko iliyofuata alifungua sanduku lake, akatoa sweta la shule la Baba Mdogo, la kijani, lililotoboka kiwiko. Alinishika mkono tukapanda njia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ndizi. Tulipofika uwanjani aliniacha kwa mama mmoja muuza nyanya, akaenda kusimama mbele ya ofisi ya chifu. Alilishika sweta kwa mabega, akaliinua mbele yake, kama unavyomshika mtoto umpime nguo. Basi. Akabaki hivyo.

Watu walimpita wakidhani analiuza. Mwanamke mmoja hata alimwuliza bei. Lakini Kerubo, aliyekuwa na shamba mtaa wa juu na ambaye mwanawe Nyakundi alikuwa jeshini pia, alimtazama kwa muda mrefu, akaacha mboga zake chini akaenda zake. Alirudi na shati jeupe. Akasimama kando ya Magokoro, akalishika vilevile. Siku ya soko nyingine wakaja wanawake wengine, kutoka mitaa ambayo sikuijua, kila mmoja na nguo ya mtoto wake. Hakuna aliyewaita. Hawakuwa na bango wala wimbo, na hawakusalimiana. Waliinua nguo tu, wakatazama mbele.

Niliona jambo ambalo bado naliota. Upepo ulipotoka bondeni uliingia ndani ya nguo zile. Matumbo yakajaa, mikono ikainuka taratibu, na kwa muda mfupi pale kwenye ukungu palikuwa na safu ya watoto wasio na vichwa, wakitupungia. Kisha upepo ukapungua, wote wakalegea. Muuza nyanya alifunika macho yangu kwa kiganja chake. Kilinuka majani ya nyanya.

Soko lilianza kuwaogopa. Watu wa kwetu wanajua kubishana na mtu anayepiga kelele, wanajua hata kumpiga, lakini hawakujua la kufanya na wanawake waliosimama tu. Chifu aliwaomba waende nyumbani, hawakumjibu. Alipowatishia kwamba atawafunga, wakamtazama kama anayesema kutoka mbali sana. Halafu mvua ya mawe ikanyesha, ikachana majani chai mtaa mzima hadi yakabaki matawi matupu. Ndama wa mtu akafa. Mtoto wa mtu akapata homa. Nikaanza kusikia maneno kwenye njia ya kijitoni: hawa wanashika nguo za watu walio hai kama za maiti. Wanaita kitu. Kwa nini hawasemi? Mtu mwema si husema?

Kwetu maneno ya namna hiyo si mchezo. Nilishapita, nikiwa nimeshikwa mkono na mama, mbele ya nyumba iliyochomwa na majirani, mwenye nyumba akiwa ndani, eti ni mchawi. Mama alinivuta tukapita haraka. Hakuna aliyelima pale tena.

Kabla ya Krismasi, shule zikiwa zimefungwa, redio ilisema guruneti limerushwa Nairobi kwenye kituo cha magari, na kijana mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akiuza mitumba huko ameumia. Hasira iliyokuwa imetulia ikaamka. Adui hakuwa karibu. Wanawake walikuwa karibu.

Siku hiyo ya soko ukungu haukuondoka hata jua lilipokuwa juu. Nilikuwa nimeketi chini ya meza ya nyanya nilipoona miguu mingi ikija pamoja. Walikuwa vijana, wengi wao wenye bodaboda, na mbele yao Onsongo, aliyesoma darasa moja na Baba Mdogo, aliyekuwa akinipakia bure nikichoka. Alikuwa amebeba mtungi wa petroli. Wauzaji waliacha vitu vyao wakarudi nyuma. Hakuna aliyepiga yowe. Soko zima lilinyamaza, nalo likawa kama wale wanawake.

"Mama Momanyi," Onsongo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia au aliyekunywa. "Mimi nataka jambo moja tu. Sema. Sema kitu chochote. Sema jina lako. Mtu asiye mchawi anasema."

Magokoro hakusema. Sweta lilikuwa limeinuliwa kati yao.

"Si mnaona?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Hawezi! Ulimi wake wameuchukua!"

"Sema, mama!" Onsongo alirudia, na sasa alikuwa akimsihi. Kifuniko cha mtungi kilikuwa tayari mkononi mwake. Nilisikia harufu ya petroli ikitambaa kwenye ukungu. Kerubo alifumba macho. Mikono ya Magokoro haikushuka hata kidogo.

Sikuwaza. Nilichokijua ni kwamba jeshi zima liko hapo chini. Nilitoka chini ya meza, nikakimbia mpaka ukingo wa uwanja ambapo ardhi inashuka, nikaita kwa nguvu zangu zote kwenye weupe ule:

"Baba Mdogo! Toka! Toka kwenye majani! Baba Mdogo, wanataka kumchoma Magokoro! Waambie wenzako watoke!"

Sauti ikarudi kutoka ng'ambo, nyembamba, si kama yangu: watoke.

Nikafurahi. Nilidhani amenijibu. Nikaita tena, "Niko hapa! Mimi najua mko hapo, nimewaona! Toka tu, hata kama mmekatazwa!" Na tena ile sauti ikaja, ikasimama juu ya bonde, ikaisha. Nyuma yangu hakuna mtu aliyesogea. Baadaye mama aliambiwa na muuza nyanya kwamba wanaume wazima walikuwa wakitazama bonde, wakingoja kuona kama kweli watatoka.

Mkono uliniangukia begani. Nilijua ni wake kwa baridi ya kidole.

"Kemunto," Magokoro alisema.

Sauti yake ilikuwa imeota kutu. Ilitoka vipande vipande.

"Usiite tena, mwanangu. Hayuko hapo."

"Yuko, Magokoro. Wamevuka mpaka."

"Si mpaka huu. Kuna mwingine. Uko mbali sana, hatuwezi kuuona kutoka hapa." Alipiga magoti, akanifuta kamasi kwa lile sweta. "Huwezi kumwita kutoka hapa. Hata mimi nimeshindwa."

Nililia kwa namna ambayo sijawahi kulia tena. Sikulilia petroli wala Onsongo. Nililia kwa sababu bonde lilikuwa tupu, na lilikuwa tupu siku zote nilizolisalimia.

Nilipogeuka, Onsongo alikuwa ameketi chini, mtungi umefungwa kati ya miguu yake, kichwa kimeinama. Walimtaka mtu aseme na mtu alikuwa amesema, na wote walikuwa wamesikia alichosema. Vijana wengine waliondoka mmojammoja bila kuagana. Kerubo alikuwa bado amesimama na shati lake. Magokoro alininyanyua, akaniketisha mezani kati ya nyanya, kisha akarudi mahali pake, akainua sweta. Hakuna aliyewagusa tena, siku ile wala siku nyingine.

Krismasi ilikuja, ikapita. D.O. alihamishwa. Vita havikuisha. Nyakundi wa Kerubo aliletwa ndani ya sanduku lenye bendera, kukawa na hotuba ndefu, na baada ya mazishi wale wanaume waliogonganisha mikono kwenye kituo cha majani wakaanza kuuliza, kwanza chini chini, halafu wazi, vijana wetu wanatafuta nini huko. Hawakuomba msamaha. Walibadilika tu, kama vile walikuwa wakisema hivyo tangu mwanzo. Magokoro hakuwakumbusha. Nyumbani alikuwa akisema nami sasa, maneno machache ya kazi na chakula, lakini mbele za watu alibaki vilevile.

Baba Mdogo alirudi nikiwa nimeshaanza kuvaa sare ya sekondari. Alirudi mzima, mikono na miguu yote, amenenepa kidogo. Tulichinja mbuzi. Alinibeba juu ingawa nilikuwa mzito. Alicheka penye kuchekwa, ila akiketi alichagua mahali palipo na ukuta nyuma, na akiulizwa kuhusu huko alisema kuna joto.

Siku ya soko ikafika. Magokoro aliamka mapema, akajifunga leso, akatoa sandukuni shati jeupe, lile la Nyakundi, kwa kuwa Kerubo hakuwa na nguvu za kupanda tena. Baba Mdogo alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Mama, unaenda wapi? Watu wameniambia habari zako. Si nimerudi?"

Magokoro alimtazama vizuri, kama mtu anayehakikisha.

"Wewe umerudi," alisema. "Vita viko hukohuko."

Akachukua mwavuli, akatoka. Baba Mdogo alibaki kwenye kiti. Chai ikapoa. Mama alijifanya anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Kisha Baba Mdogo akasimama, akatafuta viatu, akavaa kandambili za mama kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Nilisimama mlangoni nikamwona akipanda njia kwenye ukungu, mtu mzima mwenye mabega mapana, akimfuata mama yake kwa mbali, akisimama kila aliposimama, kama mtoto anayeogopa kuambiwa arudi nyumbani.